Nilimtaja, Nitamtaja

Jumanne, 1 Oktoba

Bunge limefunguliwa leo, na mbingu nazo zimefunguka. Viatu vimelowa kabla sijafika mezani.

Maswali kwa Mkuu wa Serikali kuhusu Ulaya na mambo ya nje ni arobaini na mawili. Sisi wa ofisi yake ndio tunaomwandikia majibu. Mimi naandika yale ya Kiayalandi, kwa sababu mbunge akiuliza kwa Kiayalandi lazima ajibiwe kwa Kiayalandi, na Mkuu wetu, Bwana Hanratty, alifundishwa lugha hiyo na mabruda hapa Dublin akaiaga siku ya mtihani wa mwisho. Kwa muhula huja maswali mawili hivi, moja likiwa la kumchokoza tu ili aonekane anavyohangaika kusoma.

Leo limekuja la kweli. Namba 38, kutoka kwa Tadhg Ó Maoilchiaráin, mbunge wa kwetu Conamara, huko magharibi. Anauliza: je, Mkuu ameshamtaja Cóilín Mac Donnchadha mbele ya viongozi wenzake wa Ulaya, na kama bado, atamtaja?

Cóilín alikaa dawati la nyuma yangu shule ya msingi. Ni mchomeleaji wa vyuma. Tangu Juni yumo gerezani katika nchi ambayo siiandiki jina hata hapa, kwa kuwa inanunua nyama yetu ya ng'ombe na ofisini tumezoea kuiita "nchi husika." Kosa lake ni barua. Alimwandikia mama yake, Neain, kwa Kiayalandi, lugha pekee ambayo mama anaisoma, na chini yake akachora bandari ili aone mwanawe analala wapi na ananunua mkate wapi. Wakaguzi wa barua wakaona maandishi wasiyoyajua na ramani ya bandari. Jasusi huyo.

Watu wetu wa ubalozi walipeleka cheti chenye muhuri kwamba Kiayalandi ni lugha. Wakajibiwa: kama ni lugha, mbona kati yenu mliokuja hapa hakuna anayeweza kutusomea barua?

Jumatano, 2 Oktoba

Tumefika namba 7. Mvua.

Jumanne, 8 Oktoba

Tumefika namba 9. Mkuu ana dakika arobaini na tano, na anajua kuzitumia. "Mheshimiwa Spika, kwa idhini yako maswali ya 3 hadi 9 nitayajibu kwa pamoja." Halafu anasoma polepole kama anayemlisha mgonjwa uji. Nilikuwa namcheka. Sasa nahesabu dakika.

Maswali yasiyofikiwa husogezwa mbele. La Cóilín leo lilikuwa namba 31.

Jumatano, 16 Oktoba

Namba 22. Hatukufika.

Ijumaa, 18 Oktoba

Barua kutoka kwa Neain, imeandikwa na mwalimu wa shule kwa sababu mkono wake unatetemeka. Wakili wa Cóilín amemwambia hukumu ni tarehe 16 Desemba. Amemwambia pia kwamba hoja za kisheria hazina kazi kule. Kinachotakiwa ni mtu mkubwa alitamke jina hilo mara moja, mezani, mbele ya waziri wao. Mwanzoni mwa Desemba viongozi wa Ulaya wanakutana, na waziri huyo amealikwa kama mgeni. Wanaitaka Ulaya, asema wakili. Jina likitamkwa pale watamwachia kimyakimya, waseme ni ugonjwa.

Mara moja tu. Maneno matatu, Cóilín Mac Donnchadha. Nimempelekea nakala mkuu wangu wa kitengo, Bwana Prendiville. Ameiweka kwenye jalada, na jalada akaliweka kwenye kabati.

Jumanne, 5 Novemba

Namba 19. Hatukufika. Mbunge mmoja alitumia dakika nane kuuliza kuhusu samaki aina ya makrili, na ninamchukia yeye na samaki wake.

Jumanne, 12 Novemba

Tumebishana na Prendiville tangu asubuhi hadi chai ya saa kumi. Prendiville si mtu mbaya. Ana miaka thelathini kazini, hajawahi kuandika sentensi ambayo mtu anaweza kumshika nayo, na anajivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto wao. Rasimu yake ilisema suala hilo "litaendelea kufuatiliwa kwa ukaribu kadiri itakavyofaa."

Nikamwambia Kiayalandi cha namna hiyo hakipo. Si kweli, kipo, na nimekiandika mwenyewe mara mia. Nikamwambia mbunge ameuliza kwa kitenzi na atataka kitenzi. Atamtaja au hatamtaja?

"Bairbre, unajua ahadi ni kitu gani kwenye kazi yetu?"

"Najua. Ndiyo naitaka."

Mwishoni alichoka, au alinihurumia. Akakubali "nitamtaja," luafaidh mé, ila akaufuta mwezi wa Desemba. Tuweke ahadi, tusiweke tarehe. Nilikubali haraka kabla hajabadili mawazo. Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, na kwa mara ya kwanza muhula huu sikuisikia baridi.

Jumanne, 19 Novemba

Namba 8. Kengele imelia tukiwa kwenye namba 7.

Jumanne, 26 Novemba

Nitaandika yote kama yalivyokwenda.

Namba 2. Niliketi kwenye viti vya maofisa, nyuma ya Mkuu, nikiona kisogo chake na mkono wa Prendiville unaompa karatasi. Juu kulikuwa na mtu wa redio ya kwetu magharibi na mashine yake. Ó Maoilchiaráin alisimama kwa suti mpya, akasoma swali vizuri, kwa lafudhi ile ile ya nyumbani. Nilitaka kulia na bado hakuna lililotokea.

Mkuu akavaa miwani. Niliiandika karatasi hiyo kwa herufi kubwa na nikaweka alama pale pa kupumua. Alipita sentensi ya kwanza salama. Akapita ya pili. Akafika kwenye kitenzi akakiangalia, na nilimwona akikitambua nusu nusu, kama unavyomtambua mtu uliyesoma naye. Akasema: luaigh mé.

Nilimtaja.

Kati ya luaigh na luafaidh hakuna kitu, pumzi tu. Mtu wa Conamara akizungumza haraka huzitamka karibu sawa, na unamwelewa kwa yanayofuata. Hapa hakukuwa na yanayofuata. Tarehe ilikwishafutwa.

Nikamwangalia Ó Maoilchiaráin. Ana nafasi ya swali la nyongeza na anajua vizuri kwamba Cóilín hajatajwa popote, maana mwezi wa tisa alituandikia mwenyewe kulalamika. Nilimwomba kimoyomoyo: uliza lini. Uliza wapi. Uliza tu.

Akasimama, akatazama juu kule kwenye redio, akasema: "Namshukuru Mheshimiwa kwa moyo wangu wote, na kwa niaba ya watu wangu."

Wakapiga meza, hata upinzani. Mkuu akainamisha kichwa kidogo, akaonekana amefurahi kwamba Kiayalandi chake kimeeleweka.

Jumatano, 27 Novemba

Karani wa kumbukumbu za Bunge alinipigia simu saa tatu. Karatasi inasema luafaidh, akaniambia, kwenye kanda anasikia luaigh, lakini ninyi watu wa magharibi mnameza maneno. Alisema nini?

Ningeweza kusema: alisema nitamtaja. Ingechapishwa hivyo. Ahadi ingekuwa kwenye kitabu, na Desemba angebanwa nayo.

Nikasema: "Yeye si wa magharibi. Hamezi kitu, anatafuna kila herufi. Alisema luaigh."

"Una hakika?"

"Nina masikio, bwana."

Na nilifurahi, niandike ukweli. Nilijiona mtu wa haki. Niliwaza: acha uongo wake uchapishwe, wapinzani wataufukua na atalazimika kusimama ajieleze, na atakapojieleza atamtaja huyo kijana ajiokoe. Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani kama mtu anayecheza drafti peke yake.

Saa kumi Prendiville alikuja na kurasa zilizochapishwa. Hajawahi kunisifu kwa miaka tisa. "Umefanya vizuri sana, Bairbre," akasema. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alhamisi, 28 Novemba

Hakuna aliyelalamika. Wakati uliopita unawafaa wote. Mkuu ameshafanya, mbunge amefanikisha, upinzani haujui Kiayalandi.

Neain alinipigia kutoka simu ya dukani. Walimsikia Mkuu redioni jikoni kwake, watu wakiwa wamejaa mpaka mlangoni. Padri amesoma misa ya shukrani. Ananiambia niende kanisani nikawashe mshumaa kwa ajili ya Bwana Hanratty na mkewe.

Nilisema nitawasha. Sikusema kingine. Ni woga, sina jina jingine la kuupa.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua. Nimeumwa kichwa.

Jumatatu, 2 Desemba

Jalada la safari ya mkutano limepita mezani kwangu ili nikague majina. Cóilín alikuwa jambo la tisa kwenye orodha ya mambo ya kutajwa. Amekatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni: "Alikwishatajwa. Tazama kumbukumbu za Bunge, 26 Novemba."

Nimesoma mara tatu. Kumbukumbu hizo ni mimi. Ni sikio langu.

Nilikwenda kwa Prendiville, nikamwambia unajua hakumtaja. Akavua miwani akaifuta muda mrefu.

"Mimi najua kilichoandikwa," akasema.

"Atafungwa."

"Labda. Na ukitaka kirekebishwe, Mkuu asimame Bungeni aseme aliwadanganya. Keshokutwa ni kura ya bajeti na tunaongoza kwa mtu mmoja. Mmoja, Bairbre. Nani atamwambia? Wewe?"

Nikasema mimi.

Jumanne, 3 Desemba

Nilimsubiri kwenye korido ya nyuma, karibu na mahali wanapotundika makoti. Alitoka na Prendiville. Ni mtu mwenye adabu, anakumbuka majina, aliniuliza kama nyumbani kumenyesha sana. Nikasema nimekuja kwa ajili ya Cóilín Mac Donnchadha.

"Ah, yule kijana. Masikini. Lakini nilimtaja, sivyo?"

Nilidhani anaigiza. Nikamtazama usoni, hakuwa anaigiza.

"Nakumbuka kabisa," akaendelea. "Wakati wa chakula. Kulikuwa na samaki wa kuokwa, na jirani yangu akaniuliza tunaendeleaje, ndipo nikamweleza."

"Mheshimiwa, hukumtaja. Mimi nilikuandikia nitamtaja. Ulisoma nilimtaja."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha la juu. Niliona akiitafuta ile kumbukumbu ya chakula kichwani, samaki, jirani, na niliona haikuondoka. Ilikuwa imekwisha kuwa yake. Alimgeukia Prendiville si kwa hasira, kwa kuomba msaada tu.

"Imo kwenye kumbukumbu, Mheshimiwa," Prendiville akasema. "Zimethibitishwa na huyu huyu Bairbre."

"Basi tuone," Mkuu akasema. "Tuone baada ya kura. Nikumbushe Ijumaa, Bairbre."

Alinigusa bega. Ijumaa atakuwa kwenye huo mkutano, nje ya nchi, na mimi sikualikwa.

Jumatano, 4 Desemba

Bajeti imepita kwa kura moja. Niliacha ujumbe mara nne kwa katibu wake. Mara ya tano aliniambia, kwa upole, nisipige tena.

Ijumaa, 6 Desemba

Wamekubaliana kuhusu maziwa. Mwenzetu aliyekwenda naye anasema waziri wa nchi husika aliketi viti vinne kutoka kwa Mkuu, na walizungumza kwa furaha sana kuhusu farasi.

Jumanne, 10 Desemba

Maswali ya mwisho ya muhula. Ó Maoilchiaráin sasa ameshtuka. Nilimwandikia kila kitu, bila kujificha, na sahihi yangu chini, nikitegemea kufukuzwa. Alileta swali jipya: Cóilín alitajwa siku gani na kwa nani?

Limekataliwa. Swali lililokwisha kujibiwa halirudiwi kabla ya miezi minne. Kanuni ni hiyo, na nimewahi kuitumia mwenyewe kuwanyamazisha wengine.

Nilikutana naye ngazini. Nikamwambia aite magazeti. Akanishika kiwiko, akainama karibu.

"Niwaambie nini watu wangu? Kwamba nilimshukuru kwa moyo wangu wote kwa jambo ambalo hakulifanya? Na nilijua?"

Alikuwa na haya, nilimwona. Akashuka ngazi taratibu, akiushikilia ukuta kama mzee.

Jumatano, 11 Desemba

Hakuna aliyenifukuza. Hakuna hata aliyeniuliza.

Alhamisi, 12 Desemba

Nilipiga simu kwenye gazeti mwenyewe. Kijana wa habari alikuwa msikivu. Akaomba ushahidi. Ushahidi nilionao ni karatasi yenye neno moja, na kumbukumbu rasmi zenye neno jingine, nilizozithibitisha mimi. Akanishukuru.

Jumatatu, 16 Desemba

Miaka kumi na minne.

Jumanne, 17 Desemba

Ofisi imetoa taarifa ya masikitiko, mistari miwili. Nimeitafsiri kwa Kiayalandi. Haikuwa na kitenzi hata kimoja cha kumshika mtu. Niliifanya vizuri.

Jumanne, 24 Desemba

Nimefika nyumbani. Baba ananiona nimekonda. Hapa mvua inakuja kwa upande, kutoka baharini, na barabara ya kwenda kwa Neain imekatika katikati, nikapita juu ya mawe.

Alikuwa peke yake jikoni. Samaki wa chumvi wa mkesha alikuwa kwenye maji, viazi vimekwisha menywa, sahani mbili mezani. Alinibusu, akanikalisha karibu na moto, akanipa chai na mkate, akaongea kuhusu kondoo, paa la zizi na miguu yake, na nilianza kudhani hatutalizungumza. Kisha akaleta karatasi na kalamu. Anataka nimwandikie Cóilín. Kwa Kiingereza, kwa sababu sasa barua za lugha yetu hazipokelewi kule. Yeye ataniambia, mimi nitageuza.

Kabla sijaandika hata tarehe, akauliza:

"Alifanya nini, Bairbre?"

"Nani?"

"Mwanangu. Wewe uko Dublin, unasoma makaratasi. Mtu mkubwa kama yule amemtaja mbele ya Ulaya nzima, na bado wamemfunga. Hawawezi kumkatalia mtu kama yule bure. Kuna kitu kijana alifanya, nami sikuambiwa."

Nilisikia maneno hayo na sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Kwa miezi sita alikuwa na mtoto aliyeonewa. Mimi na kitenzi changu tumemwachia mtoto mwenye hatia.

Nikamwambia. Hatimaye nilimwambia, polepole, nikimshika mikono. Hakumtaja, Neain. Alikosea kusoma, neno lilikuwa jingine, nililiandika mimi mwenyewe. Hakumtaja kwa mtu yeyote. Cóilín hakufanya kitu, alichora bandari tu ili uone anakolala. Nikamweleza kuhusu karani, mstari mwekundu, korido, yote.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akanipangusa shavu kwa kona ya aproni yake.

"Nilimsikia mwenyewe, binti yangu. Hapa hapa jikoni. Alisema luaigh, na jikoni ilikuwa imejaa watu, wote wamesikia."

"Neain, naapa."

"Una moyo mzuri. Mama yako pia alikuwa hivyo, hakuweza kumwacha mtu na ubaya wake bila kumtetea." Akanisogezea karatasi. "Mimi ni mama yake, naweza kulibeba. Andika."

Nikaandika. Alisema kondoo wazima, paa la zizi limeezekwa, watu wanamuulizia. Alisema Mkuu wa Serikali alimtaja kwa jina mbele ya wakubwa wote, na asisahau kumwombea. Nikasimamisha kalamu, akangoja mpaka nikaendelea. Halafu akaniambia niandike kwamba lolote alilolifanya kule amelisamehe, naye aombe msamaha kwa hao watu ili wampunguzie.

Akaniomba nimsomee tena kwa Kiayalandi, ahakikishe sikuruka kitu. Nilimsomea. Akasema ni sawa kabisa, akaweka alama yake chini, na akaenda kumtoa samaki kwenye maji.